Entebbe kwa siku mbili: pa kuona, pa kula, na mpangilio usiokuangusha

Wengi huiona Entebbe kupitia kioo cha gari wakiwahi ndege. Wanapita Kitooro, mtaa wa soko na taksi, wanalitupia ziwa jicho, na safari imeisha. Ni hasara, kwa sababu mji huu ulikuwa makao ya serikali ya kikoloni tangu 1893, alipouchagua Gerald Portal, hadi uhuru wa 1962. Mambo ambayo mji uliachiwa bado yapo ndani ya mwendo mfupi wa boda: bustani ya mimea ya 1898, barabara zenye miti mikubwa, mialo ya wavuvi, fukwe, na samaki wa kutosha.

Kosa linaloharibu ziara nyingi ni kuanza na ufukwe. Ukishaketi mchangani, muziki umewashwa na samaki yuko jikoni, hunyanyuki tena, na bustani utaisikia kwa wenzako. Asubuhi ni ya miti na wanyama, mchana ni wa samaki, alasiri ni ya historia na maji, usiku ni wa Kitooro. Kama una siku moja tu, fuata ratiba ya siku ya kwanza na ukiache kinamasi cha Mabamba kwa safari nyingine, kwani kukichomeka katikati ni kuharibu vyote viwili.

Mji ulivyokaa

Entebbe iko kwenye rasi inayoingia Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, kilomita kama 40 kusini magharibi mwa Kampala. Barabara ya zamani kutoka Kampala inapita Kajjansi na Kisubi, inafika Abayita Ababiri, kisha inaingia mjini na kuendelea hadi uwanja wa ndege. Shika mambo manne tu na hutapotea. Bustani, zuu na fukwe nyingi ziko upande wa mashariki. Mwalo wa Nakiwogo uko magharibi. Kigungu iko kwenye ncha ya kusini, ng'ambo ya uwanja wa ndege. Mwalo wa Kasenyi hauko mjini: unachepuka kwenda huko ukiwa bado Abayita Ababiri.

Kitooro ndiyo sehemu yenye soko, stegi ya taksi, vibanda vya chakula na vyumba vya bei nafuu. Ukilala karibu na Kitooro unakula vizuri kwa pesa kidogo, ila Ijumaa na Jumamosi kuna kelele. Ukitaka utulivu, tafuta nyumba za wageni za upande wa bustani, kisha upande boda jioni kwenda kula.

Kufika bila kupoteza nusu siku

Taksi za abiria 14 zinaondoka paki za katikati ya Kampala. Usiulize "Entebbe" tu, sema "Entebbe Kitooro", maana nyingine huishia Kajjansi au Abayita Ababiri na utalipa nauli mara mbili. Ondoka kabla ya saa moja asubuhi. Ukichelewa unakutana na msongamano wa Kibuye na Najjanankumbi, na safari ya saa moja inageuka kuwa ya mbili. Ukitaka kushuka, mwambie kondakta "maaso awo", naye atagonga bati dereva asimame.

Mwenye gari lake ana njia ya pili, ile barabara ya haraka iliyofunguliwa mwaka 2018. Tangu Januari 2022 inalipiwa, na gari dogo hutozwa shilingi 5,000. Inaokoa muda hasa jioni, wakati barabara ya zamani imejaa. Kumbuka haina vibanda vya chakula wala mahali pa kusimama, kwa hiyo mwenye njaa ale kabla ya kuingia.

Beba noti ndogo, za 1,000, 2,000 na 5,000, kwa ajili ya boda na vibanda. Pesa ya simu inapokelewa karibu kila mahali, lakini mtandao ukiyumba kwenye mwalo ni noti tu itakayokuvusha. Raia wa Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na nchi nyingine za Jumuiya wabebe kitambulisho au pasipoti. Sehemu kadhaa, zuu ikiwemo, zina bei ya Waafrika Mashariki iliyo chini sana ya bei ya wageni wengine, na bila karatasi mkononi huipati.

Kuhusu lugha: Kiswahili kinaeleweka kwa madereva, wafanyabiashara na askari, lakini sokoni Kiganda ndicho kinachopunguza bei. Anza na "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke, salimia kwanza, kisha "ssente mmeka?" Bei ikikuuma, sema "nsalirako" ukitabasamu. Anayetaja bei kabla ya salamu huonekana hana adabu, na analipa zaidi.

Siku ya kwanza, asubuhi: bustani kwanza, zuu baadaye

Kwanza kula. Katogo ni chakula cha asubuhi na kwenye vibanda vya Kitooro huisha mapema, mara nyingi kabla ya saa nne. Ni matoke yaliyopikwa chungu kimoja na matumbo, maharage au karanga. La matumbo ndilo zito. Kama huna tumbo la chuma, chukua la karanga pamoja na chai ya maziwa.

Ingia Bustani ya Mimea mapema, jua likiwa bado la upole. Ina eneo la hekta kama 40 linaloteremka hadi ziwani. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte, na kazi yake haikuwa urembo. Ilikuwa shamba la majaribio la kuona mazao gani ya kigeni yataota Uganda, yakiwemo mpira na kakao. Ndiyo maana utakuta miti ya mabara mengine imesimama bega kwa bega na ya hapa. Sehemu ya msitu mnene, upande wa chini, ndiyo ya kukaa muda mrefu. Waelekezaji hupenda kusimulia kwamba filamu za Tarzan zilipigwa pale, na hadithi hiyo isikilize ukiwa unatazama juu, kwa sababu mbega weusi na weupe huwa kwenye matawi ya juu asubuhi, na ikifika saa tano wamejificha.

Mwelekezaji anafaa. Wanasubiri karibu na lango. Patana bei kabla ya hatua ya kwanza, na useme ni kwa kundi zima au kwa kila mtu, maana ugomvi mwingi wa mwisho wa ziara huzaliwa hapo. Saa moja na nusu inatosha. Gari na kamera kubwa vinaweza kutozwa kivyake, basi uliza yote langoni kwa mara moja.

Usibebe ndizi wala mkate mkononi. Tumbili wa bustani wanajua sauti ya mfuko wa nailoni, na hawaombi. Ukinyang'anywa, achia: kuvutana na tumbili kunaishia kwenye kung'atwa, na kung'atwa kunaishia hospitalini kwa sindano za kichaa cha mbwa.

Zuu ni jirani, mwendo mfupi wa boda. Ilianza 1952 kama makazi ya wanyama yatima na waliookolewa, na hadi leo wengi wa wanyama wake wametoka mikononi mwa majangili na wasafirishaji haramu. Siku hizi inajulikana kwa herufi UWEC, lakini mwenye boda ukimwambia zuu anaelewa. Kuna simba, twiga, vifaru weupe, sokwe walio kwenye kisiwa chao kilichozungukwa na maji, na bbulwe, yule ndege mkubwa wa kijivu anayefukuzwa na watalii wa dunia nzima huko Mabamba. Mwenye watoto wadogo asisumbuke na mtumbwi wa kinamasi, hapa anamwona bbulwe kwa ukaribu. Tenga saa mbili. Jumamosi na siku za shule kufanya ziara pamejaa mabasi ya wanafunzi kuanzia saa nne, na hapo ndipo utakapofurahi kwamba ulianza mapema.

Samaki: agiza kabla hujaona njaa

Hii ndiyo sehemu inayostahili maelezo marefu, kwa sababu ndiyo inayowaliza watu.

Kwanza majina, maana menyu huandikwa kwa lugha tatu kwa pamoja. Ngege ndiye sato wa Mwanza. Mputa ni sangara, ambaye Kisumu wanamwita mbuta. Mukene ni dagaa, au omena. Nkejje ni furu wadogo waliokaushwa, hupikwa kwenye mchuzi wa karanga na hupewa sana watoto. Emmamba ni kamongo, na hapo uwe na heshima kidogo: ukoo wa Mamba haumli, na yapo meza za Buganda ambako hataletwa kabisa.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950 na akala furu wengi waliokuwepo. Hata ngege anayeuzwa leo kwa wingi ni yule wa Mto Nile, aliyeingizwa pia. Ngege wa asili amekuwa adimu. Kwa mlaji tofauti iliyobaki ni hii: ngege ana nyama tamu na miiba mingi, anafaa kukaangwa mzima. Mputa ana mafuta na minofu minene isiyo na miiba midogo, anafaa kuchomwa vipande au kupikwa mchuzi. Ukiwa na mtoto mezani, chukua mputa.

Ufukweni fanya hivi.

Fika, nenda jikoni au mwite mhudumu, na omba kuona samaki wabichi kabla ya kuchagua kiti. Sehemu nzuri hazikasiriki, watakuletea kwenye sinia. Tazama jicho: liwe limetuna na linang'aa, lisiwe limezama na ukungu. Fungua kifuniko cha shavu utazame matamvua, yawe mekundu ya damu. Yakiwa ya kahawia au ya kijivu, samaki huyo amelala barafuni siku nyingi. Bonyeza ubavu kwa kidole. Nyama ikirudi juu papo hapo, sawa. Alama ya kidole ikibaki, mrudishe. Harufu ya ziwa ni ya kawaida, harufu kali ya mkojo si ya kawaida.

Kisha taja samaki kwa kidole, "huyu hapa", na ukubaliane bei ya huyo mmoja. Samaki huuzwa kwa ukubwa, na maneno "wa kati" na "mkubwa" hubadilika kati ya jikoni na bili. Uliza kama bei ina chipsi, na kama si chipsi, ni gonja (ndizi tamu), matoke au posho (ugali). Kachumbari na ndimu huwa bure, sosi wakati mwingine si bure. Kwa watu wawili wanaogawana samaki mmoja mzima ufukweni, tenga shilingi 30,000 hadi 50,000. Kitooro utalipa pungufu ya hapo.

Mwambie apasue ubavu kwa mistari ya kina hadi karibu na mfupa, mitatu au minne kila upande, na chumvi na ndimu viingie humo. Bila mistari hiyo ngozi inaungua na nyama ya mgongoni inabaki na damu. Samaki mzima wa kilo moja huchukua dakika 40 hadi saa nzima kutoka kukoshwa hadi mezani. Akija ndani ya dakika kumi, amekaangwa tangu asubuhi na ametumbukizwa tena kwenye mafuta. Utamjua kwa mkia unaovunjika vumbi na nyama iliyokauka kama kamba. Mrudishe kwa upole, kabla ya kumgusa na ndimu.

Kwa hiyo agizo lako liende saa sita kamili, nawe uingie majini au utembee ukingoni. Saa saba unakula. Anayeagiza saa nane akiwa na njaa, siku ya Jumapili, atakula saa kumi.

Ukila, shika kichwa kushoto, anza na mgongo, vua nyama kuelekea tumboni, kisha geuza samaki kwa kuinua mfupa mzima kutoka mkiani. Shavu na nyama ya nyuma ya jicho ndizo tamu kuliko zote, na wageni huziachia paka. Kaa mbali na karoli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaotembea kama wazee wa baraza. Ukienda kunawa ukaacha sahani wazi, umewakaribisha.

Kama hutaki samaki, Goretti's ina pizza za tanuri mbele ya ziwa, na Anna's Corner inajulikana kwa kahawa na bustani yenye kivuli. Kwa chakula cha nyumbani tafuta sehemu yenye luwombo: kuku, nyama au karanga zilizofungwa ndani ya jani la mgomba lililobabuliwa motoni, kisha zikapikwa kwa mvuke saa kadhaa. Luwombo hupikwa mara moja kwa siku. Ukifika baada ya saa nane utapewa lililopashwa, au utaambiwa limeisha, na hilo la pili ndilo dalili ya mahali pazuri.

Maji: ingia kwa akili

Fukwe za Entebbe si za bahari. Maji hayana chumvi, mawimbi ni madogo asubuhi na hukua alasiri upepo ukianza. Usitegemee mchanga mpana kila mahali. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha maji, likapita rekodi ya 1964, likameza fukwe, baa na bustani za hoteli. Baadhi ya fukwe zilijengwa upya kwa kuta za mawe, nyingine zimebaki nyembamba. Chagua kwa siku: Jumanne hadi Alhamisi ni tulivu na kiingilio huwa kidogo. Jumapili na sikukuu kuna spika kubwa, na siku za tamasha kiingilio hupanda. Kuingia na chakula chako mara nyingi hakuruhusiwi.

Hatari ya kwanza ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani na matete, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kwa hiyo usiogelee karibu na matete wala mwaloni, chagua ukingo wazi wenye mchanga na mawimbi, usikae majini muda mrefu, na ukitoka jifute kwa taulo papo hapo kwa kusugua. Hata hivyo hakuna ufukwe wa ziwa hili unaoweza kuuita salama kabisa. Baada ya wiki sita hadi nane pima kituo cha afya. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana.

Ya pili ni kuzama. Waokoaji ni wachache au hawapo, chini kunaweza kuteremka ghafla, na watu wengi huingia baada ya bia. Watoto wawe ndani ya kufikia mkono wako. Bwawa la hoteli kwa malipo ya siku ni chaguo la busara kwa familia.

Baadhi ya jioni utaona wingu kama moshi linainuka juu ya maji. Hao ni nzi wa ziwa. Hawaumi, ila huingia kwenye soda na puani. Hamia ndani, zima taa ya karibu, watapita. Mbu ndio wa kuogopa, kwani malaria ipo mwaka mzima. Jipake dawa kuanzia saa kumi na mbili jioni.

Alasiri: 1976, Kigungu, na mambo ya kutopiga picha

Juni 27, 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kusimama Athens, ikafikishwa Entebbe. Usiku wa kuamkia Julai 4 makomando wa Israeli walitua, na katika dakika zipatazo 90 waliondoka na mateka 102. Kamanda wao, Yonatan Netanyahu, aliuawa pale, na askari wengi wa Uganda pia. Dora Bloch, mateka mzee aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuawa baadaye na watu wa Idi Amin. Jengo la zamani la abiria liko ndani ya eneo la jeshi. Usijipeleke ukiwa na kamera na kusema wewe ni mtalii: bila kibali kilichopangwa mapema utarudishwa, na ukipiga picha utahojiwa. Uwanja huohuo ndio Elizabeth wa Uingereza alikopitia Februari 6, 1952, akitoka Kenya kwenda London, akiwa ameshakuwa malkia.

Kigungu haina masharti hayo. Panda boda kutoka Kitooro hadi ncha ya rasi. Hapo ndipo Padre Siméon Lourdel, Mapeera wa Waganda, na Bruda Amans walipotia nanga Februari 17, 1879, na ndipo Ukatoliki ulipoingilia Uganda. Kuna kanisa na ukingo wa maji wenye utulivu ambao fukwe za kulipia hazina. Nusu saa inatosha, zaidi kwa anayesali. Tarehe 17 Februari mahujaji ni wengi, basi panga kwa kuwafuata au kuwakwepa. Mwambie boda akusubiri na mpatane bei ya kwenda na kurudi, maana kupata mwingine kule kunachukua muda.

Ikulu iko mjini juu ya kilima. Usiipige picha, wala walinzi, wala magari ya jeshi, wala kuta zake "kwa mbali tu". Droni iache nyumbani.

Usiku Kitooro

Kuanzia saa moja usiku moshi wa muchomo unakuongoza. Nyama ya mbuzi, ng'ombe na nguruwe huchomwa kwenye vijiti au kwa kilo. Waislamu waulize jiko kwanza, kwa sababu meza za nguruwe na mbuzi mara nyingi zimekaribiana na kisu kinaweza kuwa kimoja. Chagua mkaa wenye watu wanaosubiri. Nyama inayotoka kila dakika tano haikupata muda wa kuharibika.

Rolex ni chakula cha pesa kidogo na kina siri zake. Simama umwone mpishi anavunja mayai mawili kikombeni, anaongeza kitunguu, nyanya, kabichi na chumvi, anapiga, anamimina kwenye kikaango bapa chenye mafuta, kisha anaweka chapati juu ya yai kabla halijakauka ili vishikane. Anageuza, anakunja, anafunga karatasini. Ukiona chapati imefunikwa na nailoni tangu asubuhi na imekuwa ngumu, mwombe aipike mpya au aipashe kwanza kavukavu. Nyanya mbichi huwekwa mwishoni kwa wenye tumbo imara. Wengine waombe ziingie ndani ya yai. Tenga shilingi 2,000 hadi 4,000. Asiye na hata hizo anakula kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, na hashindwi kulala. Novemba ukikuta nsenene, panzi wa kijani waliokaangwa kwa kitunguu, nunua kikombe kimoja. Wanaliwa wakiwa moto.

Siku ya pili: Mabamba

Kinamasi cha Mabamba kiko ng'ambo ya ghuba, na kimekuwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 2006. Watu huenda kwa bbulwe. Kuna njia mbili. Kwa gari unazunguka nchi kavu kupitia Kasanje, barabara ni ndefu na wakati wa mvua ni tope. Kwa boti unaondoka Nakiwogo, unavuka ghuba kwa muda usiopungua dakika 45, kisha unahamia mtumbwi wa kusukumwa kwa mti. Boti ni ghali zaidi ukiwa peke yako na nafuu mkiwa watu wanne.

Panga usiku uliotangulia, na mwelekezaji awe wa chama cha waelekezaji wa Mabamba penyewe, wanaojua ndege walilala wapi. Patana bei ikijumuisha boti, mtumbwi, mwelekezaji na kiingilio, kitu kwa kitu. Uwe Nakiwogo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Radi za ziwa hupenda usiku na alfajiri, hasa Machi hadi Mei, na nahodha akisema tungoje, mngoje. Ukisubiri saa moja hupotezi kitu cha maana, ila ukivuka ukiwa na wasiwasi hutaona hata bbulwe.

Kabla ya kupanda vaa jaketi la kuokolea maisha, lifunge vifungo vyote, kisha shika mabega yake ulivute juu. Likipita masikio, ni kubwa mno, omba jingine. Kama hakuna jaketi kwa kila mtu, shuka. Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama karibu na mwambao wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa. Boti ilikuwa imezidisha watu.

Ndani ya kinamasi sauti ni ya mafunjo tu. Bbulwe husimama bila kutikisika akivizia kamongo, hata nusu saa, kwa hiyo mtafute kama nguzo ya kijivu juu ya majani. Kaeni umbali usiomfanya ageuze kichwa, na msimruhusu mwelekezaji kumsogelea ili tu mpate picha, kwani akiruka mmemnyima kifungua kinywa na nyie mmemkosa. Baada ya saa nne jua linakuwa kali na uwezekano unashuka. Kiangazi maji ya vijito hupungua na mtumbwi hukwama, basi vaa viatu unavyoweza kulowesha.

Anayependa sokwe kuliko ndege aende Kisiwa cha Ngamba, kilomita kama 23 kutoka Entebbe, ambacho kimekuwa makazi ya sokwe yatima tangu 1998. Boti huvuka Ikweta njiani. Watazamaji hukaa nyuma ya uzio, juu ya jukwaa, sokwe wakitoka msituni kulishwa. Weka nafasi mapema kwa wenye kisiwa, uchague boti inayofika kabla ya muda wa kulisha. Ukiwa na mafua ahirisha: sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na utazuiwa, kwa haki.

Anayewaza Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese, ajue kwamba meli huondoka Nakiwogo saa nane mchana na kurudi saa mbili asubuhi inayofuata. Hiyo ni safari ya kulala, si ya kwenda na kurudi. Na msitu wa Zika, ambako virusi vya jina hilo vilipatikana mwaka 1947, uko njiani karibu na Kisubi. Ni eneo la utafiti, unaingia kwa mpango na taasisi ya virusi ya Entebbe, huingii kwa kusimamisha boda.

Kurudi na samaki

Nunua samaki wa nyumbani Nakiwogo au sokoni Kitooro siku ya kuondoka. Kabla ya kulipa pima kwa macho: mputa asiwe chini ya inchi 20, ngege asiwe chini ya inchi 11. Hicho ndicho kiwango cha sheria, na hata mnunuzi anaweza kukamatwa. Mwuzaji atakuparia magamba na kukutolea matumbo kwa malipo kidogo. Kama mputa ni mkubwa, usishangae akibaki na bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni, lina soko lake nje ya nchi na bei yake inaishinda nyama.

Paka chumvi ndani na kwenye mistari, funga kwenye nailoni mbili, weka barafu kati ya mfuko wa kwanza na wa pili, kisha gunia juu. Samaki mbichi namna hii anafika Kampala salama ndani ya saa mbili au tatu. Kwa safari ya usiku kucha chukua wa moshi, mkavu hadi mfupani, afungwe gazeti na si nailoni, maana nailoni hutoa jasho na kuotesha ukungu. Kwenye taksi mwambie kondakta kabla hajapakia, na ulipie nafasi ya mzigo akikudai. Maji ya samaki yakianza kumiminika kwenye mabegi ya watu mkiwa Kajjansi, atakushusha hapo hapo na nauli hatakurudishia.